Anwani ya mjane haijabadilika

Barua ya wazi kwa waheshimiwa wabunge wa Marekani na maofisa wenye dhamana ya fidia za ulemavu kwa askari wastaafu

Waheshimiwa,

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Kondoa. Kwa miaka kumi na nne nimefanya kazi ya kutunza wazee majumbani hapa Marekani: kuogesha, kulisha, kumgeuza mgonjwa kitandani, kuhesabu vidonge. Nyumbani kazi zetu za huku zote huziita kubeba boksi. Nakala ya Kiingereza ya barua hii nimeshaipeleka posta. Hii ya Kiswahili naitoa hadharani kwa sababu wanaoingia kila asubuhi katika vyumba vya askari wenu wazee ni watu kama mimi, Watanzania, Wakenya, Wakongo, na wengi wao hufagia chini ya vitanda vyenye mafaili kama hili ninalotaka kuwaeleza.

Faili lenyewe ni la dai la fidia kwa magonjwa yanayohusishwa na Agent Orange, dawa ya kuua mimea iliyonyunyizwa katika vita vya Vietnam. Ni bahasha kubwa ya kaki, imefungwa kwa raba ya buluu iliyotoka kwenye fungu la mboga. Ndani mna cheti cha kumaliza utumishi jeshini, ramani ya kambi iliyochorwa kwa penseli, barua mbili za kukataliwa, na picha moja ya rangi. Lilikuwa la mzee niliyemtunza miaka minne, kuanzia 2017 hadi alipofariki Machi 2021. Nitamwita Mzee, kama nilivyomwita akiwa hai. Mjane wake, ambaye namwita Mama, ameniruhusu kusimulia bila kutaja majina, na ofisi iliyowajibu sitaitaja.

Nianze na picha. Ni kijana wa miaka ishirini na moja, kifua wazi, ameshika chupa ya soda mbele ya bweni la mbao. Kando ya miguu yake kuna dimbwi la maji ya mvua. Nyuma kabisa miti imefungana, kijani kibichi. Kati ya bweni na miti umepita uzio wa waya, na kuufuata uzio huo kuna ukanda wa ardhi ya kahawia, mtupu, hauna hata jani. Nyuma ya picha ameandika mwenyewe kwa kalamu ya wino: Korat, Agosti 1969.

Korat iko Thailand. Mzee alikuwa fundi wa ndege katika jeshi la anga, akitengeneza injini za F-105 zilizokuwa zikienda kupiga mabomu Vietnam na Laos. Hakukanyaga Vietnam hata siku moja. Hilo ndilo lililomponza kwa miaka kumi.

Mimi ni mtu wa Kondoa, ardhi tupu naijua. Nimekulia kwenye makorongo. Mwaka 1973 serikali yetu ilianzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ili kuiponya ardhi ile, na mwaka 1979 ng'ombe na mbuzi wakaondolewa kabisa ili majani yapate nafasi ya kuota tena. Ardhi inayokufa kwa mmomonyoko haina mpaka ulionyooka. Hukatika ovyo, huacha kisiki hapa na kishungi cha nyasi pale, na mvua ikinyesha hata korongo hutoa vijani vyake. Ule ukanda wa Korat umenyooka kama uliopigwa rula. Ni masika, maji yamesimama, na hakuna kinachoota. Mkulima yeyote wa kwetu ukimwonyesha picha ile atakuuliza jambo moja tu: hapa mlipiga dawa gani?

Jibu la ofisi, mwaka 2017, lilisema picha haionyeshi kwamba dawa ilitumika, na kwamba kazi ya ufundi wa injini haikumpeleka mdai kwenye uzio.

Waheshimiwa, kwa ajili ya wanaosoma hapa bila kulijua suala hili, nieleze kidogo. Kuanzia 1962 hadi 1971 majeshi yenu yalinyunyiza Vietnam lita zaidi ya milioni 70 za dawa za kuua mimea, ili adui akose pa kujificha na akose chakula. Iliyotumika zaidi ilikuwa mchanganyiko wa 2,4-D na 2,4,5-T, ikaitwa Agent Orange kwa sababu ya mstari wa rangi ya machungwa kwenye mapipa yake. Katika utengenezaji wa 2,4,5-T hubaki sumu iitwayo dayoksini. Sumu hii hukaa kwenye udongo na kwenye mafuta ya mwili, na ndiyo inayohusishwa na saratani kadhaa, kisukari na magonjwa mengine ambayo leo yamo katika orodha yenu ya magonjwa yanayofidiwa.

Sisi tulio mbali tusidhani kwamba haya hayatuhusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Waingereza walizijaribu 2,4-D na 2,4,5-T Tanganyika, na mahali pamojawapo ni Kikore, wilayani kwetu Kondoa, kwenye mapori ya mbung'o. Miaka hiyohiyo walinyunyiza dawa za aina hiyo Malaya, kando ya barabara na kwenye mashamba ya wapiganaji, wakati askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kutoka Kenya na Nyasaland, Malawi ya leo, wakipigana misitu hiyohiyo. Na mwaka 1961, Rais Kennedy alipokuwa akifikiria kuanza kunyunyiza Vietnam, waziri wake wa mambo ya nje, Dean Rusk, alimwandikia kwamba Waingereza walishatangulia kufanya hivyo Malaya. Nilipoyasoma haya nilikaa kitako. Bibi yangu alilima mtama nchi hiyohiyo.

Turudi kwa Mzee. Kisukari kilimpata akiwa na miaka hamsini na kitu. Nilipoanza kumtunza miguu yake ilikuwa imekufa ganzi hadi karibu na magoti. Kila jioni nilimkalisha pembeni mwa beseni, nikapima maji kwa kiwiko changu kwa sababu yeye asingejua kama yanaunguza, kisha nikakagua nyayo zake kwa kioo kidogo cha mkononi. Jioni moja nilimvua soksi nikakuta kizibo cha chupa kimejikita kwenye unyayo. Alikuwa amekikanyaga asubuhi, akatembea nacho kutwa nzima. Damu ilikuwa imekauka na soksi imeganda. Akaniuliza, "Kuna nini?" Nikamwonyesha kwenye kioo. Alitazama muda mrefu kama anatazama mguu wa mtu mwingine.

Kisha ikaja saratani ya tezi dume. Ilipogunduliwa ilikuwa imeshafika kwenye mifupa.

Magonjwa yote mawili yamo kwenye orodha. Saratani ya tezi dume iliingizwa mwaka 1996, kisukari cha aina ya pili mwaka 2001. Askari aliyekanyaga ardhi ya Vietnam kati ya tarehe 9 Januari 1962 na 7 Mei 1975, akiugua mojawapo, haulizwi alisimama wapi wala alivuta hewa gani. Sheria ya 1991 inamhesabu kuwa aliguswa na dawa, basi. Na sheria hiyo ilitungwa hivyo kwa busara, kwa kuwa hakuna kijana anayetembea vitani akiandika kwenye daftari saa ambayo ndege ilimpita kichwani.

Ila aliyekuwa Thailand alitakiwa kuthibitisha. Tangu mwaka 2010 mlikubali kwamba dawa za kuua mimea zilipigwa kwenye uzio wa kambi za Thailand, kwa sababu ripoti ya jeshi la anga lenyewe, ya mwaka 1973, kuhusu ulinzi wa kambi zile, ilieleza jinsi majani yalivyoondolewa kando ya uzio. Ripoti hiyo ilikuwa ya siri. Mwenye ushahidi alikuwa serikali, na ukafungiwa kabatini wakati watu wakiugua. Ulipotoka kabatini mkasema: sawa, tutamkubali mlinzi wa lango na askari mwenye mbwa wa doria. Wengine wote walete uthibitisho kwamba kazi yao iliwapeleka ukingoni mwa kambi.

Mzee alipeleka dai mwaka 2011. Akaeleza kwamba bweni lao lilikuwa la mwisho kabla ya uzio, na kwamba kila jioni, jua likipungua, alikuwa akikimbia mbio za mazoezi kuufuata uzio huo, miezi kumi na miwili. Mwaka 2012 akakataliwa. Akamtafuta mwenzake waliyelala bweni moja, akaandika barua ya ushahidi kwa mkono. Akachora ramani. Akaongeza picha. Mwaka 2017 akakataliwa tena. Akakata rufaa, na rufaa ilikuwa bado haijasikilizwa siku tuliyomzika.

Sheria zenu zinasema pia kwamba pale uzito wa ushahidi unapolingana, shaka impendelee mdai. Nimeisoma barua ya 2017 mara nyingi, nimekitafuta kifungu hicho. Kimo, katika ukurasa wa tatu, kimenakiliwa vizuri. Baada yake yanafuata maneno kwamba katika shauri hili hakitumiki.

Tarehe 10 Agosti 2022 sheria iitwayo PACT ikatiwa saini. Humo, aliyehudumu kambi yoyote ya Marekani au ya kifalme Thailand, kati ya tarehe 9 Januari 1962 na 30 Juni 1976, anahesabiwa kuwa aliguswa na dawa. Haijalishi alikuwa mlinzi, mpishi au fundi. Swali la uzio likafutwa kwa mstari mmoja. Guam na American Samoa wakaingizwa, Johnston Atoll ikaingizwa, Laos na sehemu ya Kambodia zikaingizwa, na shinikizo la damu likaongezwa kwenye orodha ya magonjwa. Nawashukuru waliopigania sheria ile, na nasema hivyo kwa moyo wote, maana wako wazee ninaowatunza sasa ambao wanalipwa kwa sababu yake.

Mzee alikuwa amekufa miezi kumi na saba.

Mama hakuambiwa na mtu. Sisemi kwamba hamkutangaza. Mlitangaza kwenye televisheni na kwenye intaneti, na mkaweka muda: aliyeonyesha nia ya kudai kabla ya tarehe 14 Agosti 2023 angelipwa kuanzia siku sheria iliposainiwa. Mama hana kompyuta. Televisheni huiwasha kwa ajili ya ibada ya Jumapili na utabiri wa hali ya hewa. Alichokijua kuhusu serikali na ugonjwa wa mumewe ni kile kilichomo kwenye barua mbili, na zote mbili zinasema hapana. Alipofiwa hakupeleka dai la mjane, kwa sababu aliamini mlango ule umeshafungwa. Wala hakujua kwamba alikuwa na mwaka mmoja tu wa kuomba aendelee na rufaa ya marehemu kwa niaba yake. Mwaka huo aliumalizia kwa dada yake, akilia.

Novemba 2024 alinipigia simu kunisalimia. Katika mazungumzo akasema anataka kuuza nyumba, hawezi tena kulipia umeme na dawa zake. Nikamuuliza, "Mama, ile bahasha iko wapi?" Akasema iko chini ya kitanda. Jumamosi nikaendesha gari saa mbili hadi kwake. Tulijaza fomu ya mjane mezani jikoni, chai ikipoa, yeye akinitajia tarehe na mimi nikiandika, kisha nikampeleka kwa mtetezi wa maveterani wa kaunti, ambaye alilitazama faili lile, akafunga macho kidogo, akasema hili halina mgogoro.

Halikuwa na mgogoro kweli. Dai likakubaliwa baada ya miezi mitano. Sasa anapokea dola 1,600 na ushee kila mwezi, kuanzia alipopeleka fomu. Nyumba haijauzwa.

Ni mtu yuleyule, kambi ileile, saratani ileile, picha ileile. Tofauti kati ya hapana mbili na ndiyo moja ni simu ya salamu kutoka kwa mjane kwenda kwa mlezi wa zamani. Tangu siku ile sijalala vizuri nikiwaza wajane ambao hawakupiga simu.

Hapo ndipo ombi langu lilipo, waheshimiwa. Mtu aliyekataliwa kwa sababu ya uzio mnamjua. Mnalo jina lake, namba yake ya dai, anwani yake, na sababu ya kumkatalia imeandikwa kwa mkono wenu wa kiserikali. Sheria ilipobadilika, mwongozo ukawa kwamba aliyekataliwa zamani anaweza kuleta dai la nyongeza. Anaweza, ndiyo, akijua. Nawaomba mgeuze mambo: majalada yote yaliyokataliwa kwa sababu za mahali ambazo sheria ya 2022 imezifuta yafunguliwe na ofisi zenyewe, na barua iende kwa mdai, au kwa mjane wake, bila kusubiri fomu.

Hamtakuwa mnaanza jambo geni. Mwaka 1986 maveterani walifungua kesi huko California, kesi inayojulikana kwa jina la Nehmer. Mwaka 1989 mahakama ikasema kanuni za kukataa madai ya Agent Orange zilikuwa kali kupita sheria yenyewe. Mwaka 1991 yakafikiwa makubaliano: kila ugonjwa mpya ukiingizwa kwenye orodha, serikali irudi kwenye majalada iliyoyakataa, iyapitie upya, na ilipe kuanzia siku ya dai la kwanza, hata kama mdai ameshafariki na anayepokea ni mjane au watoto. Magonjwa ya moyo na Parkinson yalipoingizwa mwaka 2010, mlifanya hivyo. Mabaharia waliohudumu kwenye maji ya Vietnam, walioambiwa kwa miaka kwamba hawakukanyaga nchi kavu, walishinda mahakamani Januari 2019, Bunge likawatungia sheria yao mwaka huohuo, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru majalada yao pia yapitiwe upya. Kwa hiyo utaratibu upo, watu wanaoujua wapo. Wa Thailand na Guam waliachwa nje kwa sababu makubaliano ya 1991 yanawahusu waliokuwa Vietnam. Wabunge mnaweza kulirekebisha hilo kwa kifungu kimoja: walipwe kuanzia siku walipodai mara ya kwanza.

Najua jibu litakuwa fedha. Saratani ya tezi dume ikiwa haijatibika huhesabiwa kuwa ulemavu wa asilimia 100, na malipo yake ni zaidi ya dola 3,000 kwa mwezi. Mzee hakupata hata senti. Gharama ilikuwepo tangu 2011, waheshimiwa, ila aliibeba yeye: aliuza gari, kisha kipande cha shamba alichoachiwa na baba yake, na mwaka wake wa mwisho alikuwa akiikata dawa ya maumivu nusu ili ifike mwisho wa mwezi. Kisu alichokatia bado kiko jikoni.

Na kuna watu ambao hata sheria ya 2022 haikuwafikia. Waliohudumu Okinawa, Japani, bado wanaambiwa walete uthibitisho, na naisikia sauti ya barua ya 2017 kila ninapowasikiliza. Nje ya majeshi yenu wako wananchi wa Vietnam wenyewe, ambao kesi yao dhidi ya makampuni ya kemikali ilitupwa na mahakama ya New York mwaka 2005. Uwanja wa ndege wa Da Nang mmesaidia kuusafisha hadi 2018, Bien Hoa kazi ilianza 2019. Udongo unasafishwa. Kuhusu miili ya watu wale barua hii haitoshi, ila sikutaka kuandika juu ya sumu hii kana kwamba iliwaangukia Wamarekani peke yao.

Nimalizie na mfanyakazi mmoja wa serikali yenu, kwa sababu nataka maofisa wa chini wanaoshika majalada waisome sehemu hii. Mwaka 1977, mjini Chicago, mshauri wa mafao ya maveterani aitwaye Maude DeVictor alipokea simu ya mke wa askari aliyekuwa akifa kwa saratani, akiamini chanzo ni dawa zilizonyunyizwa Vietnam. DeVictor angeweza kumpa namba ya fomu. Badala yake alianza kuuliza kila mdai aliyefika mezani kwake, akaandika majibu, akahesabu. Mambo mengi mnayoyajua leo kuhusu jambo hili yaliibuka hadharani kupitia meza ile. Simu ilitoka kwa mke, kama ya Mama.

Mama ana ombi lake, ameniambia niliweke. Hataki fedha zaidi. Anataka barua moja yenye jina la mumewe juu yake, ikisema kwamba dai la mwaka 2011 lilikuwa la kweli. Amesema ataitia kwenye bahasha ya kaki, juu ya zile mbili, na kuifunga tena kwa raba ileile.

Anwani ni ile iliyoko kwenye barua ya 2012. Sanduku la posta liko mwanzo wa njia ya kuingilia nyumbani kwake, mlango wake umelegea, na yeye hutembea hadi pale kila siku saa tano asubuhi.

Wenu,
Mlezi wa wazee, mwana wa Kondoa